Mama Elise Kanyinda na Daftari la Makosa

Katika miaka ishirini na sita aliyokaa ndani ya kibanda cha mizani ya malori, Mama Elise Kanyinda hakupata kuuona uso wa dereva hata mmoja. Kibanda kilijengwa chini, na dirisha lake likaelekea magurudumu. Lori lilipopanda juu ya bamba la chuma, sindano ilitetemeka, ikatulia, naye akaandika namba ya lori, uzito na saa. Dereva angaliweza kuwa mjomba wake au mbaya wake. Yeye aliona matairi tu, na udongo mwekundu uliogandamana nayo. Alipostaafu alirudi nyumbani na maradhi mawili: goti la kushoto lisilopenda ngazi, na kutoweza kuona jambo likitokea bila kuliandika.

Aliandika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Aliandika kuku wa jirani walivuka ua wake mara ngapi. Aliandika mahubiri ya Jumapili yalichukua dakika ngapi, hata paroko akamwomba, kwa upole mwingi na tabasamu la mtu aliyekwisha kushindwa, ahamie viti vya nyuma. Marehemu baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai kwa gari-moshi kuja kuchimba shaba, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu atakapofika mbinguni atamwomba Mtakatifu Petro daftari ili alikague.

Kwa hiyo besiboli ilipoingia Kolwezi, mji wake wa migodi, ilimkuta Mama Elise ana kalamu mkononi.

Mchezo huo uliletwa na wahandisi wa Kanada walioajiriwa na kampuni moja ya madini. Walipewa kiwanja kilichosawazishwa kwa greda upande wa kwenda Kingamyambo, wakaunda timu nne za watu wa kila rangi, na kila Jumamosi asubuhi wakawa wanainua vumbi jekundu. Kanuni zake hazikuwatesa watu sana. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu. Mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne kabla wapinzani hawajaurudisha mpira. Watazamaji walielewa mambo hayo kwa siku moja. Jambo moja tu liliwachukua mwezi mzima, nalo ndilo kiini cha habari hii.

Mpira ukipigwa, na mpigaji akafika kituoni salama, kuna mtu anayekaa mezani ambaye hana budi kuamua: je, hiyo ni sifa ya mpigaji, au ni aibu ya yule aliyeuacha mpira umpite? Ikiwa ni sifa, huandikwa pigo safi. Ikiwa ni aibu, huandikwa kosa, tena huandikwa mbele ya jina la aliyekosa, na hapo hukaa kama doa la mafuta ya mawese juu ya shati jeupe. Hakuna kipimo wala sindano. Kuna jicho la mwandishi, basi.

Mwandishi huyo alikuwa Bwana Pelletier, mhandisi mnene mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, mtu mwema kwa kila namna, aliyejifunza Kiswahili cha sokoni na kukisema bila woga wowote. Mama Elise alikuwa amekuja tu kutazama, akaketi karibu na meza, na kabla ya saa moja kwisha alikwisha kumsahihisha mara nne.

“Tata,” alimwita, kama aitwavyo bwana yeyote huko, “umesahau mmoja.”

“Yupi, mama?”

“Yule wa kofia ya kijani. Alipita saa tatu na dakika kumi na mbili.”

Jumamosi iliyofuata walimwekea kiti chake. Tangu hapo Bwana Pelletier aliamua, naye Mama Elise akaandika kila kilichotokea: mpira ulidunda mara ngapi, ulikwenda upande gani, uligusa nini. Hakuna aliyemwagiza kuandika hayo. Lakini hakuna aliyemwagiza pia kuandika kuku.

Alikuwa na sababu ya siri ya kuupenda mchezo huo. Mkwe wake, Godefroid Kabemba, mchomeleaji wa vyuma na mume wa binti yake Abigaëlle kwa mwaka wa nane sasa, aliichezea timu ya Karakana katika nafasi ya kati, baina ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira huja kama nyuki waliochokozwa. Nilisema siri kwa sababu Mama Elise hakuweza kumpigia makofi, naye Kabemba hakuweza kumtazama. Katika mila za pande zote mbili, mkwe wa kiume humwonea haya mama wa mke wake. Hamkazii macho, hali chakula mbele yake, hamwelekei moja kwa moja njiani; akimwona anakuja huku, yeye hupita kule. Haya hiyo ina mlango wa kutokea: mama mkwe hupika kuku mzima, mkwe akamla mbele yake, na mjomba wa mume akiwa shahidi. Lakini mjomba wa Kabemba alikaa Lubudi, na kwa miaka minane alikuwa akisema kwamba anakuja na gari-moshi la wiki ijayo.

Siku hizo basi zilikuwa za raha tupu. Wanawake walikuja na vigoma. Mchezaji alipoupiga mpira ukavuka uzio, shangazi zake waliingia uwanjani na kopo la poda wakammwagia kichwani, kama wafanyiwavyo waliofaulu mtihani wa serikali, naye akamaliza mchezo akiwa mweupe kama mwoka mikate. Mama Blandine Mbuyu, muuza maandazi na rafiki wa Mama Elise tangu utoto, aliliweka sinia lake nyuma ya meza ya waandishi na kutoa hukumu zake mwenyewe bila malipo.

Ni yeye aliyeanza.

“Mama Elise, mukwe wako alikosa nini pale? Ule mupira ulipiga jiwe. Mi niliuona.”

“Tata Pelletier amesema kosa.”

“Na ule wa Jumamosi iliyopita, wa muzungu Gagnon?”

Gagnon alikuwa kijana mrefu wa timu ya Ofisi, mcheshi, mwenye kucheza katika nafasi ileile ya kati. Mama Elise alifunua ukurasa wa nyuma. “Pigo safi.”

“Ulipita wapi?”

“Katikati ya miguu.”

“Miguu ya nani?”

“Ya Gagnon.”

“Basi miguu ya muzungu ni mulango wa kanisa,” alisema Mama Blandine, akigeuza andazi. “Bote banapita, na hakuna zambi.”

Mama Elise alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kisha akaiokota, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa.

Kulikuwa pia na ubao. Kila Jumatatu Bwana Pelletier alibandika ukutani mwa ghala la vifaa maneno mafupi juu ya kila mchezaji, ili watu wajifunze. Gagnon alipokasirika akaipiga teke ndoo ya maji, ubao ulisema: “Ana uchu wa ushindi.” Kabemba alipouvusha mpira uzio akacheza hatua tatu za ngoma, ubao ulisema: “Hawaheshimu wapinzani.” Gagnon alikuwa na “akili ya mchezo, anausoma uwanja”. Kabemba alikuwa na “mbio za kuzaliwa nazo, ila umakini hana”. Wachezaji wengine weupe walikuwa na bidii na busara. Weusi walikuwa na nguvu. Bwana Pelletier aliyaandika hayo kwa moyo mkunjufu kabisa, na kwa hati nzuri.

“Mbio za kuzaliwa nazo?” Abigaëlle alimwuliza mama yake. “Mwaka wa kwanza wa besiboli alikuwa anashindwa na mbuzi. Miaka miwili, kila adhuhuri, anatupa mpira kwenye ukuta wa karakana mpaka rangi imekwisha. Ukuta umeona. Ubao haukuona.”

Kisha ikabandikwa orodha. Kwa mara ya kwanza timu ya Kolwezi ingesafiri kucheza Lubumbashi, na kwa kila nafasi angekwenda mtu mmoja. Katika nafasi ya kati, makosa ya msimu huo: Kabemba, kumi na manne, Gagnon, matatu. Angekwenda Gagnon. Chini yake, kwa hati ileile nzuri: “Kabemba: kipaji kikubwa, nidhamu ndogo.”

Jioni hiyo Kabemba alikuja nyumbani kwa mama mkwe, akaketi nyuma ya ukuta wa jiko, kama ilivyompasa, akazungumza na ukuta.

“Abigaëlle, mwambie mama kwamba nimeacha besiboli.”

Mama Elise, aliyeketi upande wa pili wa ukuta huo huo, hatua tatu kutoka kwake, aliinua sauti. “Abigaëlle, mwambie mkwe wangu kwamba nimesikia, na sikubali.”

“Mwambie mama kwamba kule karakana sasa wananiita Nidhamu Ndogo. Hata mlinzi wa lango. Hata mpishi.”

“Mwambie mkwe wangu asimjibu mpishi kabla ya Ijumaa.”

“Mwambie mama kwamba sikuelewa.”

“Mwambie ataelewa Ijumaa.”

Abigaëlle alikuwa anapita na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. “Mi si simu,” alisema, akaingia ndani.

Siku mbili Mama Elise hakuandika umeme wala kuku. Alichukua daftari lake na kuhamisha, juu ya vikaratasi, kila mpira wa msimu huo uliomfikia mlinzi wa nafasi ya kati na kumpita, mpigaji akafika salama. Vilitoka vikaratasi kumi na vinane vya Kabemba na kumi na vinane vya Gagnon. Aliandika jinsi mpira ulivyokwenda, ulivyodunda, ulivyogusa. Jina aliliandika mgongoni mwa karatasi, akalikunjia ndani. Akavichanganya vyote katika bakuli la unga, kama mtu anayetikisa maharagwe kuondoa mawe. Alijua kwamba bakuli hilo lingeweza pia kumwumbua mkwe wake.

Ijumaa alasiri kamati ilikutana ndani ya kontena la vifaa ili kuithibitisha orodha. Walikuwamo Bwana Pelletier; Hénock Nkulu, mwalimu wa mazoezi ya viungo na kocha wa timu ya safari; Gagnon, nahodha wa Ofisi; na Mama Blandine, ambaye hakuwa mjumbe wa kitu chochote, lakini hakuna kamati iliyopata kumfukuza mwenye sinia la maandazi ya moto.

“Tata Pelletier,” alisema Mama Elise, akiliweka bakuli mezani, “kabla hamjatia sahihi, naomba tucheze. Ninasoma kilichotokea. Majina nimeyafunika. Wewe unaamua upya, kosa au pigo safi. Tata Hénock anaweka mafungu mawili.”

Bwana Pelletier alipenda michezo ya kila aina. Alijifuta mikono, akakaa vizuri. “Soma, mama.”

“Mpira wa chini. Umedunda mara mbili, ukagonga kokoto, ukaruka juu ya bega la kulia.”

“Kokoto. Pigo safi. Hakuna mtu duniani angeudaka.”

“Mpira wa chini. Umekuja moja kwa moja, haukugonga kitu. Umepita katikati ya miguu.”

“Kosa,” alisema Bwana Pelletier kwa furaha. “Bibi yangu angeudaka.”

Gagnon alianza kukohoa.

“Mpira wa juu, wa polepole. Ameungoja, ameinua glavu, umeanguka nyuma yake.”

“Kosa, kosa. Huyu alikuwa amelala?”

Gagnon alikohoa tena, akaomba andazi.

Ikaenda hivyo. Mama Elise alisoma kwa sauti ile aliyozoea kusomea uzito wa malori, bila kupanda wala kushuka. Bwana Pelletier alinogewa. Aliamua haraka, kwa haki, kwa maelezo mafupi yenye maarifa, na ni lazima isemwe kwamba aliamua vizuri sana. Kila mtu aliyekuwamo alikubaliana naye kila mara. Mara mbili aliuliza, “Mjinga huyu ni nani?” Mara ya pili Gagnon alilazimika kutoka nje kidogo.

Kikaratasi cha thelathini na sita kilipokwisha, Nkulu alifunua majina, moja moja. Yalichukua muda kupangwa. Katika fungu la makosa, Gagnon alikuwa na saba. Kabemba alikuwa na saba.

Bwana Pelletier akainama juu ya mafungu yale.

“Lakini Kabemba alikuwa na kumi na manne, na leo nimesema…” Bwana Pelletier alianza, akajaribu hesabu upya kwa vidole, akaacha. Shingo yake ilikuwa imepata rangi ya udongo wa nje. “Mama, mimi niliona kwa macho yangu mwenyewe.”

“Ndiyo, tata,” alisema Mama Elise. “Leo ulisikia kwa masikio.”

Aliyeanza kucheka ni Gagnon. Alicheka akiwa ameshika mlango. “Katikati ya miguu yangu ulipita, ndiyo. Mara mbili. Niliona umeandika pigo safi, nikanyamaza. Nani angekataa zawadi?”

“Usiogope, tata,” Mama Blandine alimwambia Bwana Pelletier, akimsogezea sinia. “Si weye peke yako. Dereva muzungu akiangusha lori, banasema barabara ni mubaya. Dereva wetu akiangusha, barabara inapona palepale.”

Hapo kicheko kikawashinda wote, hata Nkulu aliyekuwa hacheki kwa desturi; kikarudi kutoka ukuta mmoja wa kontena kwenda wa pili, mpaka wapita njia wakaja kuchungulia. Bwana Pelletier alicheka pia, mwisho wa wote, kwa uchungu kidogo, akavua miwani yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akavuta vikaratasi saba vya Kabemba na kuvisoma upya.

“Minne hii naielewa, ni makosa ya kawaida. Lakini hii mitatu. Mpira umegusa glavu ya mlinzi wa kituo cha tatu, ukabingirika polepole kuelekea meza yetu. Kabemba amekimbia vizuri, amebakiza hatua kumi, amesimama, amegeuka nyuma. Mara tatu, namna ileile. Kwa nini mtu anaukimbia mpira uliokwisha kuchoka?”

Nkulu alitazama dari. Mama Blandine alitazama maandazi. Mama Elise, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alijikuta amesahau cha kuandika. Meza ile ilikuwa yake. Hatua kumi mbele ya meza ndipo mkwe mwenye adabu anapogeuka.

“Ni mimi, tata,” alisema hatimaye. “Hayo makosa matatu ni yangu. Anaukimbilia mpira, ananikuta mimi.”

Walimweleza Bwana Pelletier habari ya haya, kila mmoja akiongeza chake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Kwa hiyo ile niliyoiita nidhamu ndogo…”

“Ilikuwa nyingi kupita kiasi,” alisema Nkulu.

Uamuzi wa kocha ulikuwa mfupi. Kesho Karakana wanacheza na Ofisi. Makosa ya kesho yataongezwa juu ya saba kwa saba; mwenye machache ndiye msafiri; wakilingana, orodha iliyokwisha kubandikwa ibaki, aende Gagnon. Kila mpira utaamuliwa na Pelletier na Mama Elise kwa pamoja, mezani palepale, kwa sababu kiwanja hakikuwa na kivuli kingine.

Mama Elise angeweza kukaa nyumbani. Alilifikiria hilo njiani, akalikataa. Mkwe asiyeweza kudaka mbele yake angepelekwaje kudaka mbele ya Lubumbashi nzima? Akampigia simu mjomba wa Lubudi.

“Nakuja na gari-moshi la wiki ijayo,” alisema mjomba.

“Usije, tata. Kaa hapohapo. Utashuhudia kwa simu.”

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Jumamosi, saa mbili asubuhi, wachezaji thelathini na sita wa timu zote nne walipofika uwanjani, walimkuta Mama Elise amesimama kando ya kituo cha tatu akiwa amevaa kitenge chake cha sherehe, na kuku mzima ndani ya sufuria, na Abigaëlle ameinua simu juu ili mjomba aone vizuri. Mtandao ulikuwa mbaya. Mjomba alionekana kama mtu aliyekaa chini ya maji. Kabemba aliletwa na wenzake wawili, mmoja kila mkono. Alikaa juu ya kigoda. Akapewa paja la kuku.

Akafumba macho, akala.

“Anakula?” sauti ya mjomba iliuliza.

“Anakula, lakini amefumba macho,” alisema Abigaëlle.

“Fungua macho, mwana.”

“Nitafungua, mjomba,” alisema Kabemba, akitafuna. “Nipeni muda.”

Wazee waliokuwapo walishauriana. Mila inasema ale mbele ya mama mkwe. Haisemi lolote juu ya kope. Mjomba akatamka kwamba haya imekwisha, picha ikakatika, na vigelegele vikapanda. Poda ilimwagwa bila kuchagua mtu. Gagnon alipata kopo zima, akaomba jingine. Bwana Pelletier aliketi mezani masharubu yakiwa meupe, akapiga chafya, akafunua ukurasa mpya.

Sheria ilikuwa imeondoka. Miguu, hata hivyo, ilikuwa bado haijaarifiwa.

Katika awamu ya pili Kabemba aliuangusha mpira mwepesi, mbali na meza, bila sababu yoyote. “Kosa,” alisema Mama Elise, kabla mwenzake hajafungua kinywa, akaandika nane. Mama Blandine alimwita msaliti wa ukoo. Katika awamu ya nne mpira ulimpita Gagnon kushoto. Bwana Pelletier aliinua kalamu, akaishikilia hewani. Kisha akafumba macho, ni kweli, akafumba macho kama mtu anayesali, akaukumbuka mpira peke yake bila mtu. “Kosa,” alisema. Nane kwa nane. Katika awamu ya sita mpira ulipita tena katika ule mlango wa kanisa, na kabla ya mwandishi yeyote kusema, Gagnon mwenyewe aliinua mkono kutoka katikati ya vumbi: “Kosa, kosa, andikeni.” Uwanja wote ukampigia makofi. Tisa kwake, nane kwa Kabemba.

Ikabaki awamu ya mwisho, na katika awamu hiyo mtu mmoja tu wa Ofisi wa kutolewa ili mchezo uishe, na mkimbiaji wao akiwa amesimama kituo cha tatu tayari kukimbilia kituo cha nne, kiitwacho cha nyumbani. Mpigaji akapiga. Mpira ukaenda chini, ukagusa glavu ya mlinzi wa kituo cha tatu, ukapinda, ukaanza kubingirika polepole, bila haraka yoyote, kuelekea meza.

Kabemba alikwisha kuondoka mahali pake. Mama Elise alimwona anakuja. Hatua ishirini. Hatua kumi na tano. Vigoma vilikuwa vimenyamaza, na aliweza kusikia viatu vyake juu ya kokoto. Hatua kumi, na pale, bega la kushoto likaanza kugeuka, kama lilivyogeuka kwa miaka minane njiani, sokoni na mbele ya kanisa.

Mama Elise hakumwita. Aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamtazama usoni moja kwa moja na kumngoja.

Bega likarudi. Kabemba aliziruka hatua zile kumi kama mtu anayevuka mto, akajitupa, akaunyakua mpira chini ya meza yenyewe, na kasi ikamwingiza mezani na daftari na maandazi na makopo ya poda yaliyobaki, hata wingu jeupe likapanda na watu wa mbali wakadhani kitu kimelipuka. Lilipotua, mkwe na mama mkwe walikuwa wamekaa chini udongoni wakitazamana, pua kwa pua, weupe wote wawili.

“Shikamoo, mama,” alisema Kabemba.

“Tupa mpira, mwanangu,” alisema Mama Elise. “Mtu anakimbia.”

Akautupa akiwa amepiga magoti. Ulipita juu ya kichwa cha Bwana Pelletier, ukanyooka, ukafika kituo cha nyumbani mbele ya mkimbiaji kwa kiasi cha nusu hatua. Ametolewa. Mchezo ulikwisha hapo, na sauti iliyopanda kutoka kiwanja kile ilisikika, kwa mujibu wa Mama Blandine, mpaka mji wa Tenke. Jambo ambalo Mama Elise amekataa kuliandika kwa kuwa halina ushahidi.

Bwana Pelletier alilitafuta daftari chini ya maandazi, akalipangusa, akamnyooshea mama kalamu.

“Nane kwa tisa,” alisema. “Andika wewe.”

Mama Elise aliandika saa kwanza.